Chai ya Waliofukuzwa

Pale hotelini kwetu tulimwita Mzee wa Baraza, na hata leo nikimkumbuka jina lake halinijii kwanza. Kinachonijia ni kikombe. Alikuwa na kikombe chake cha bati, cheupe chenye mdomo wa buluu, alichokitia katika mfuko wa koti mpaka mfuko ukavimba upande mmoja, ungedhani amebeba viazi. Hakunywa katika kikombe cha mtu mwingine, na chai yetu hakuigusa kabla mmoja wetu hajaionja mbele ya macho yake. Baba yangu, aliyefungua hoteli ile mkabala na baraza la wazee, aliona hayo ni matusi na akanuna miaka yote. Mimi niliona ni kichekesho.

"Onja wewe kwanza, binti," alikuwa akiniambia.

Nilionja, nikajifanya nimekabwa koo, nikatoa macho. Alicheka mpaka mabega yakamtetemeka, kisha akaniamuru nionje tena, kwa kuwa mara ya kwanza nilikuwa nafanya mchezo.

Siku moja nilimuuliza kwa nini atuogope sisi, watu tunaofungua hoteli na swala ya alfajiri, ambao hatuna shamba naye wala ng'ombe. Akaniambia yeye hatuogopi sisi, anawaogopa wanaopita jikoni kwetu. "Mimi nafukuza watoto ya watu," alisema. "Mtu anafanya hiyo kazi hawezi kunywa chai ovyo ovyo."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Soko letu lilikuwa juu ya mlima, kwenye njia itokayo mjini Kisii kwenda Nyamira, na serikali ilikuwa imejenga hapo nyumba ya baraza, nusu ukuta, nusu wazi, ili upepo upite na watu wasikie. Wazee walikaa kwenye benchi ndefu wakasikiliza kesi za mipaka, za ng'ombe wa mahari, na za mabinti waliotoroka. Na zilikuwapo kesi za baba na mwana. Baba alikuja akasema: huyu ni mtu mzima, ana ndevu, ana mke, nami amenishinda, naomba aondoke bomani kwangu. Sheria ya baraza ilimpa baba haki hiyo. Wazee wakikubali, askari kanga, yule askari wa baraza, alipelekwa kuhakikisha kijana amebeba vitu vyake na kutoka. Wenye kesi walikuja kutoka Suneka, kutoka Kiogoro, wengine walitembea tangu Ogembo wakafika wamechoka na bado wana hasira.

Katika kesi za namna hiyo Mzee wetu hakuwa na mshindani. Karibu kila mara alimpa baba haki, na wenzake benchini walimfuata. "Boma ni moja na mwenyewe ni moja," alikuwa akisema kwa sauti yake ya kukwaruza, ambayo ilivuka barabara na kutufikia sisi jikoni. "Kama watu wawili wanatoa amri, hiyo si boma, hiyo ni soko." Kwa mwana alikuwa na jambo moja tu la huruma, na hilo hakulisahau kamwe: hakuna kijana aliyetolewa na chakula chake kikiwa bado shambani. Aondoke baada ya kuvuna. Hilo alilisema mwishoni, akipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kula.

Ungeishia hapo ungesema huyu ni mtu katili, na wako waliosema hivyo. Ila sisi wenye hoteli tuliona nusu ya pili.

Kesi ikiisha, baba mtu alikwenda zake na haki yake, kifua mbele. Mzee wa Baraza alivuka barabara polepole akamkuta yule kijana aliyefukuzwa, ambaye kwa kawaida alikuwa amesimama pembeni hajui aende wapi, akamshika mkono, akamleta kwetu. Walikaa meza ya ukutani. Mzee akatoa kikombe chake, akaagiza chai mbili, nami nikaonja moja. Kisha akainama, akaanza kumfundisha kijana namna ya kurudi nyumbani.

"Sasa sikiliza mimi. Usiende kwa baba yako. Usimpelekee mdomo yako hata kidogo. Nyamaza mpaka mwezi hii iishe. Halafu tafuta mtu ya rika yake, mtu walitahiriwa pamoja, huyo hawezi kumkatalia kiti. Umtume yeye. Akienda mara ya kwanza atafukuzwa, hiyo ni kawaida. Aende tena."

Kwa nini mtu wa kutumwa? Mimi si Mkisii. Babu zetu walikuja Kisii na biashara wakaoa huku na kule, na Kiswahili ndicho tulichoongea nyumbani. Lakini nimekulia pale na mambo nayajua. Kwao baba na mwana aliyekwisha kuoa wana aibu baina yao, wao huiita chinsoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kuna maneno hawaambiani, kuna mahali hawakai pamoja. Wakigombana, hawawezi kukaa uso kwa uso wakaombana radhi kama sisi tufanyavyo siku ya Idi. Lazima awepo mtu katikati, na mtu huyo lazima atumwe na mtoto. Baba hukaa akangoja.

Na wengi walirudi. Nilimwona kijana mmoja wa Suneka, jitu la miraba minne, analia juu ya maandazi yetu kama mtoto aliyenyimwa, na baada ya mavuno nikamwona tena amekuja sokoni anatembea nyuma ya baba yake, wamebeba mkungu wa ndizi, hakuna anayezungumza lakini wanatembea. Wengine hata hawakutoka. Mjumbe alifika kabla ya askari. Baba yangu, aliyependa kumchokoza, alimuuliza: "Mzee, mbona asubuhi unawafunga, mchana unawafungua?"

"Asubuhi mimi ni ya serikali," akajibu. "Saa hii mimi ni ya chai."

Alikuwa mtu wa ajabu kwa mambo mengine pia. Hakumwogopa mzungu. Siku moja Bwana DC alikuja barazani na mbwa wake, mbwa mkubwa mwekundu, aliyelala chini ya meza. Mzee wetu akakataa kukaa. Mkalimani akamuuliza ana shida gani, akasema anangoja huyo mwenye mkia aseme kesi yake ni ipi, na kama hana kesi atoke nje. Watu waliziba midomo kwa mikono. Mbwa alitolewa, akafungwa kwenye nguzo ya veranda yetu, akabweka mpaka jioni. Lakini mtu huyo huyo akiona bundi mchana alikuwa anarudi nyumbani na kesi zote zikaahirishwa.

Mwezi wa Ramadhani tulifunga hoteli mchana. Yeye alikuja vile vile, akakaa kwenye benchi la veranda na kikombe kitupu mapajani, akazungumza na baba yangu mambo ya dunia, kisha akainuka akasema leo chai ilikuwa nzuri. Baba, pamoja na kununa kwake kote, alimpenda kwa jambo hilo. Na mimi nilimpenda. Nasema wazi ili msomaji asidhani nahadithia tu. Nilimpenda yule mzee kuliko baadhi ya ndugu wa damu yangu.

Alikuwa na mabinti walioolewa mbali, na mwana mmoja wa kiume, Makori. Mke wa Mzee nilimjua kwa sababu siku za soko alileta ndizi na wimbi, akapumzika kwetu akimngoja mumewe, ambaye akifika alipita mbele bila kumtazama, naye akamfuata nyuma huku ananikonyeza. Huyo mama alikuwa na ulimi. Alinipa habari za boma lao zote, na nyingi zilikuwa za Makori, kwa kuwa Makori alikwenda vitani, Burma, dereva wa lori.

Miaka ile ya vita Mzee hakutaja jina la mwanawe hata mara moja. Mhindi jirani yetu, mwenye duka la nguo, alikuwa na redio, na kila alasiri watu walikusanyika mlangoni kwake kusikiliza. Mzee hakwenda. Alimngoja baba yangu arudi, akamuuliza: "Burma imesema nini leo?" Baba akamwambia hili na lile, na mengine akayatunga, maana redio yenyewe ilikoroma tu. Mzee alitikisa kichwa kwa kila neno. Siku Makori aliposhuka kwenye lori pale sokoni, buti miguuni na mfuko begani, baba yake alikuwa benchini anasikiliza kesi ya mpaka. Alimwona. Sote tulimwona akimwona. Akaendelea na kesi mpaka mwisho, na nasikia hukumu ya siku ile haikueleweka na mtu yeyote.

Makori alikuwa kijana mzuri, mcheshi, mwenye Kiswahili cha jeshi kilichojaa amri. Alioa, akajenga nyumba yake bomani upande wa mama yake. Kisha akaleta miche ya kahawa.

Leo mtu akisikia ugomvi ulianzia kwenye kahawa atacheka, maana sasa milima ile yote ni kahawa na chai. Siku zile haikuwa hivyo. Watu wengi waliamini kwamba kahawa ni mti wa mzungu, na mahali ulipopandwa mzungu atakuja kuufuata, aweke seng'enge na kusema shamba ni lake. Mzee wa Baraza aliamini hivyo kwa roho yake yote. Alikuwa amefika Sotik, akaona mashamba ya wazungu yalipokomea karibu na mpaka wa Wakisii, na hofu ile haikumtoka. "Mti yake ikiota hapa, yeye mwenyewe yuko njiani," alimwambia baba yangu. Akamwagiza Makori aing'oe. Makori akasema ameipanda kwenye shamba la mama yake, na shamba la mama ni la wana wa mama. Baba hana neno hapo. Na hilo pia ni desturi yao, halikuwa uongo. Ndiyo sababu nasema kila mmoja alikuwa na haki yake, na haki hizo mbili hazikuweza kulala boma moja.

Wazee wa mlima wao, watu wa nyumbani tu wasio na benchi wala askari, walitaka kulimaliza jambo hilo. Walisema watakaa, mbuzi atachinjwa, wataonja wote wawili, na kahawa itatafutiwa njia. Mke wa Mzee alinieleza haya akiwa ameshika kichwa. Maana mumewe alikataa. Alisema yeye ni mtu wa sheria. Mbele ya watu wangapi amewapa haki baba za watu, sasa yeye mwenyewe akamalize kesi yake kwa nyama ya mbuzi? Atapeleka barazani kama mwingine yeyote. Nadhani aliona kufanya vingine ni wizi. Kosa lake kubwa la maisha alilifanya kwa unyoofu, na ndilo jambo linaloniuma mpaka leo. Hukumu ya nyumbani huliwa ikaisha. Ile ya serikali ilikuwa na askari nyuma yake, na ikishatolewa hakuna mbuzi wa kuifuta.

Siku ya kesi alivua koti lake, akaliacha kwenye benchi mahali pake, akashuka akasimama upande wa washtaki. Bila koti alionekana mdogo. Watu walijaa mpaka barabarani. Nami niliacha sufuria nikaenda kusimama ukutani. Alisema maneno yale yale aliyozoea kuyasikia: huyu ni mtu mzima, amenishinda, naomba aondoke. Hakutaja kahawa. Makori ndiye aliyeitaja. Wenzake benchini walitazamana. Wangefanyaje? Maneno ya boma moja na mwenyewe mmoja ni yake, wamekuwa wakiyafuata miaka yote. Wakampa haki.

Mzee mmoja akakumbuka, akasema: "Lakini avune kwanza. Hiyo ndiyo desturi ya hapa."

Makori akasema kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili chake cha jeshi: "Kahawa yangu itazaa mwaka wa tatu. Basi nivune, ndipo niondoke!"

Watu wakaangua kicheko. Nilimtazama Mzee, uso haukusogea. Akasema kahawa si chakula, na wimbi ameshavuna. Wenzake wakakubali. Aondoke kabla ya mwezi kuisha.

Nilikimbia jikoni, maana nilijua kitakachofuata, kama watu wote sokoni walivyojua. Makori alivuka barabara peke yake, akakaa meza ya ukutani. "Chai mbili," akasema. Nikaleta mbili. Nikaionja ile ya pili bila kuambiwa.

Mzee wa Baraza alitoka, koti mwilini, akasimama kwenye ngazi. Alitutazama. Aliweza kuniona mimi nimesimama na birika, na aliweza kumwona Makori, kwa maana Makori alikaa ameelekea mlango. Alishika mfuko wake uliovimba. Nilisema moyoni, njoo, njoo sasa, Mungu wangu mlete. Kwa vijana wote wa watu alikuwa amevuka barabara ile. Kwa huyu hakuweza, kwa kuwa hapa yeye ndiye baba, na baba hukaa akangoja. Akashuka ngazi, akazunguka nyuma ya duka la Mhindi, akashika njia ya nyumbani.

Wale wazee wengine nao wakatoka mmoja mmoja. Hakuna aliyekuja. Baadaye niliwasikia kila mmoja akisema alidhani mwenzake atakwenda. Tena wangekwenda kumfundisha mwana namna ya kurudi kwa mwenzao, si ni kusema mwenzao amekosea? Hapo ndipo heshima yao yote ilipowapeleka. Chai ya pili ilipoa, ikaganda utando juu.

Makori alikaa mpaka nikaanza kuosha masufuria. Kisha akaniuliza: "Dada, wale wengine huwa anawaambia nini hapa?"

Nikamwambia. Anyamaze mwezi mmoja, asiende mwenyewe, amtafute mtu wa rika la baba yake, amtume, na akifukuzwa amtume tena.

Akafikiri. "Watu wa kutumwa wote walikuwa mle ndani wananihukumu," akasema. Akanywa chai yake, akaacha ile nyingine, akaenda. Mwezi haujaisha walipanda lori la mizigo, yeye na mkewe, wakaelekea Kericho. Nilimwona mama yake amesimama barabarani muda mrefu baada ya vumbi kutulia, na ulimi wake wote siku hiyo haukuwa na kitu.

Sasa mambo ya Mzee baada ya hapo. Aliendelea kuja. Aliendelea kunionjesha, ingawa mimi sikufanya tena mchezo na yeye hakuniomba. Kila siku ya baraza, akishamaliza chai, aliuliza kama kwa bahati: "Hakuna mtu amepita kuniuliza?" Nami nikasema hakuna. Alikuwa anamngoja mjumbe. Alikuwa na hakika atakuja; amewafundisha vijana wengi kiasi kwamba alidhani mafundisho yale yako hewani, kila mtu huyapata. Mwezi ulipita, mavuno yakapita, mvua zikarudi. Siku moja nikashindwa, nikamwambia waziwazi: "Mzee, si umtumie mtu wewe? Kericho si Burma."

Alinitazama kama niliyemshauri atembee uchi. "Yaya," akasema, yaani hapana. "Baba hatumi. Baba akituma, huyo mtoto atakuwa baba."

Nilikasirika, nikampokonya kikombe kabla hajamaliza. Aliniachia.

Kesi za baba na mwana zilipokuja tena, hakuwa na lake la kusema. Alikaa kimya wenzake wakaamua, wakawapa kina baba haki kwa maneno yake yeye, na yeye akatazama nje. Hakuvuka tena barabara na mtu. Alipoacha benchi, kwa uzee walisema, hakuna aliyeendelea na ile chai, na nilianza kuona vijana waliofukuzwa wakipita moja kwa moja mpaka kwenye malori.

Miaka ilikwenda. Baba yangu akafariki, hoteli ikawa yangu na mume wangu. Dada yangu alikuwa ameolewa Kericho, na alipojifungua nilikwenda kumwangalia. Pale sokoni Kericho mtu akaniita, "Dada wa chai!" Ni Makori. Amenenepa, nywele zimeanza kuondoka mbele, ni dereva kwenye shamba la chai. Alinishika mkono asiniache, akanipeleka kwake nikale. Mkewe alinipikia, walikuwa na mabinti, na mtoto mchanga wa kiume aliyelala kwenye kitanda amefunikwa kanga.

Nilimweleza Makori habari za nyumbani: kahawa haikung'olewa, imekuwa miti mirefu isiyokatwa; mama yake huichuma anapoweza; baba yake amezeeka, macho yanamsumbua. Alisikiliza yote bila kuuliza. Nilipoinuka kuondoka akanifuata mlangoni.

"Mwambie mzee nimepata mtoto wa kiume," akasema. "Mwambie nimempa jina lake."

Mkewe alikuwa anaosha sahani. Aliacha, akamtazama mumewe, akasema neno kwa Kikisii kwa sauti ya chini ambalo sikulidaka. Nilidhani ni mambo ya mke na mume, sikujali. Furaha ilikuwa imenijaa. Kwetu ndugu yangu mkubwa ana jina la babu yetu, na babu alikuwa hai siku alipopewa, akatoa kuku wawili na kucheza ngoma uani. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiri: hatimaye mjumbe amepatikana, na mjumbe ni mimi.

Nilikwenda bomani kwao nimefunga kanga mpya, sukari kikapuni. Mzee alikuwa nje, juu ya kiti chake kifupi, amegeukia jua. Nyumba ya Makori ilikuwa imeinama upande. Mama yake Makori alikuwa jikoni; moshi ulitoka kwenye nyasi za paa, na nilimsikia akipasua kuni.

"Bwairire," nikamsalimu. Alinijua kwa sauti.

"Binti wa chai. Leo umekuja bila birika."

"Nimekuja na habari. Nimetoka Kericho. Nimemwona Makori, nimekula kwake."

Alinyoosha mgongo. Mikono ikashika magoti.

"Amepata mtoto wa kiume," nikasema.

"Ni mzima?"

"Mzima, mnene, ana mashavu kama andazi."

Alicheka. Kicheko kile kile, cha mabega. Nilikuwa sijakiona miaka mingi, na machozi yakanitoka kwa raha, nikaharakisha kummalizia: "Naye ndiye amenituma. Alisema nikwambie, amempa mtoto jina lako."

Kicheko kikakoma. Nikangoja. Nilidhani furaha imemzidi.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.

"Ni yeye alisema uniambie, ama ni wewe umesikia tu?"

"Ni yeye. Alinifuata mpaka mlangoni. Alisema, mwambie mzee."

Kisha akanieleza, taratibu, kwa sauti ile aliyokuwa akiwaelezea vijana mezani. "Binti, sisi hatupatii mtoto jina ya mtu anatembea. Tunampatia ya mtu amezikwa. Mtu akikufa, ndiyo jina inarudi kwa mtoto."

Nikakaa chini hapo hapo kwenye nyasi na kanga yangu mpya. Nikaanza kubabaika, nikasema labda Kericho wamechanganyika na makabila mengine, labda wameacha desturi, labda alikusudia heshima.

"Makori anajua," akasema. "Na mtu yetu hangekubali kubeba hiyo maneno. Ndiyo maana alitafuta wewe."

Sauti yake haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ningepumua. Aligeuza uso tena kwenye jua, na macho yake mabovu yakawa wazi kabisa, hayapepesi.

Kule jikoni kuni zilinyamaza. Yule mama alikuwa amesikia jina la Makori. "Mgeni anasema nini?" akapaaza sauti. "Ni Makori? Amezaa?"

"Amezaa," Mzee akamjibu. "Kijana."

Tulisikia kigelegele ndani ya moshi, kikakatizwa na kikohozi, kikaanza tena. "Ameitwa nani?" akauliza. "Mtoto ameitwa nani?"

Mzee alinitazama. Sijui aliona nini, maana macho yale hayakuona mengi.

"Huyu binti amesahau," akasema kwa nguvu.

Yule mama akatokea mlangoni, mikono ina majivu, uso wote umelowa. "Umesahau jina ya mjukuu yangu? Umefika mpaka kwa nyumba, umekula, halafu jina umesahau?"

"Nimesahau, mama," nikasema.

Akasonya, akasema watu wa mji tuna vichwa vyepesi, akacheka tena huku anajifuta. Kisha akanishika bega, akanisihi nikirudi Kericho nimuulize Makori vizuri, nilishike jina, nimletee. Nikamwahidi nitauliza.